Hadithi Isiyo na Mteja

"Niaje msee, za siku mingi? Uko Nairobi siku hizi?"

Ujumbe kama huo ukitoka kwa mtu mliyeketi naye dawati moja Kidato cha Tatu, na hamjaongea tangu mmalize shule, kwa kawaida ni mambo mawili: ama kuna mchango wa harusi, ama kuna mkutano Jumamosi. Wa harusi atakuingiza kwenye kundi la WhatsApp bila kukuuliza. Wa mkutano ana subira. Atakuuliza kazi iko aje. Atakuuliza kama ungependa kakitu ka kuongezea kando. Ukitaka kujua ni kitu gani hasa, anasema haielezeki kwenye simu. Kuja tu ujionee. Saa nne asubuhi, tao, ghorofa ya nne, na uvae poa.

Nimeenda mikutano minne ya namna hiyo, ya kampuni tatu tofauti. Sikujiunga na hata moja, lakini siwezi kudai nilitoka bila kuguswa, na hiyo ndiyo sababu ya makala hii. Watu wa uchumi wana lao la kusema kuhusu biashara hizi, na wanasheria vilevile. Mimi nataka kuihakiki hotuba yenyewe, kwa zana zile tulizopewa na mwalimu wa Kiswahili tukisoma fasihi simulizi: nani anatamba, hadhira ni nani, wahusika ni akina nani, na ni nani angepaswa kuwa ndani ya hadithi lakini hayupo.

Kwanza tuelewane kuhusu biashara. Unajiunga kwa kununua bidhaa: dawa ya meno, sabuni, majani chai, virutubisho, vipodozi. Unapewa bei ya mwanachama, unauza kwa bei ya juu kidogo, faida ni yako. Hiyo ni njia ya kwanza ya kupata pesa, na sina neno nayo. Anti yangu alisomesha watoto wawili kwa kuuza sufuria na mashuka nyumba kwa nyumba, akilipwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi na akina mama wa chama chake. Njia ya pili ni kuleta watu wajiunge chini yako, upate asilimia ya wanachonunua wao, na ya wanachonunua wale watakaoletwa na wao. Ghorofa ya nne, njia ya kwanza hutajwa kwa dakika tano. Muda wote unaobaki ni wa njia ya pili.

Na anayeieleza anaiweza kazi yake. Ukitaka kuona utambaji ulio hai katika mji huu, usiende tu kwenye tamasha. Nenda huko. Fanani anaingia amevaa suti, hana karatasi mkononi. "Mko sawa?" Tuko sawa. "Sijawasikia!" Tuko sawa! Baada ya hapo anauliza maswali ambayo hayana jibu lingine ila ndiyo. Nani hapa angependa kumjengea mamake nyumba? Nani angependa kulipia wadogo zake karo bila kuitisha harambee? Mikono yote juu. Wangu pia ulipanda, na sikuwa nikiigiza. Aliyeyatunga maswali hayo anamjua kifungua mimba wa Kenya kuliko wanasiasa wengi wanavyomjua. Hakuanza na gari. Alianza na mama.

Kisha anauponda mshahara. Unaamka saa kumi na moja, unapanda matatu, unamtajirisha mtu mwingine, na tarehe kumi hauna kitu. Ukumbi unacheka kwa sababu ni kweli, na kwa wengi waliomo hata huo mshahara unaopondwa haupo. Kisha anachora mraba wenye vyumba vinne: mwajiriwa, aliyejiajiri, mwenye biashara, mwekezaji. Kisha wanaitwa watu wa ushuhuda, mmoja mmoja, kama kanisani. Mwisho zinagawanywa fomu, na hapo ndipo unagundua kuwa rafiki yako wa Kidato cha Tatu amehama kiti, sasa ameketi karibu nawe, na ana kalamu mbili.

Ule mraba si wa fanani. Ni wa Robert Kiyosaki, Mmarekani ambaye vitabu vyake vimetandazwa kwenye kila lami ya tao panapouzwa vitabu vya mkono wa pili. Rich Dad Poor Dad kilitoka mwaka 1997. Kina baba wawili: mmoja msomi na hana pesa, mwingine hakusoma sana na ni tajiri. Mwaka 2001 Kiyosaki alitoa The Business School for People Who Like Helping People, ambacho kazi yake ni kuzisifu biashara za mtandao kama shule ya ujasiriamali. Ukumbi wa ghorofa ya nne huvitumia vitabu hivyo kama msahafu.

Wahakiki wengi humcheka Kiyosaki haraka mno. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na najua kitabu hicho kinavyosomeka ukiwa umeketi kwenu, kuna wageni, na mjomba anakuuliza utarudi lini kumalizia. Kwa mara ya kwanza unakutana na maandishi ambayo hayakuiti aliyeshindwa. Yanasema labda waliokwama ni wale waliobaki darasani. Hiyo ni faraja kubwa, na fasihi yetu ya shuleni haijawahi kuitoa. Tulisoma riwaya baada ya riwaya ambamo kijana anayeacha masomo huishia pabaya kabla ya sura ya mwisho. Kiyosaki alikuja na mwisho mwingine, akakuta hadhira ina njaa.

Lakini uangalie ule mraba vizuri. Fanani anamweka mama mboga kwenye chumba cha aliyejiajiri, chumba cha kutoka haraka. Aliyejiunga jana na boksi lake la dawa ya meno anamweka chumba cha mwenye biashara. Sasa linganisha. Mama mboga anaamka usiku kwenda Marikiti, anachagua atanunua kwa nani, anapanga bei yake, anajua nani akopeshwe na nani asikopeshwe, na akichoka na sukuma wiki anaweza kesho kuuza ndizi. Yule wa dawa ya meno hana jina la bidhaa, hapangi bei ya kununulia, hapangi asilimia, na kampuni ikibadilisha mpango wa malipo atajulishwa tu. Nani hapo ndiye mwenye biashara? Mchoro umegeuza majina ya vyumba, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza, kwa sababu mikono ilishachoka kuinuliwa kwa maswali ya ndiyo.

Twende kwa wahusika. Kila ushuhuda una shujaa, na kama ulisoma mighani utaitambua mifupa yake. Alizaliwa katika dhiki. Alidharauliwa. Alikutana na mtu aliyemfunulia siri. Alipigwa vita. Sasa ni Dhahabu, au ni Almasi, na picha yake na gari iko kwenye ukuta. Kuna jambo moja ambalo mighani yetu huwa nalo na ushuhuda hauna. Shujaa wa mighani ana mahali panapoingia kifo. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, lakini nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli. Fumo Liyongo hakuingiwa na mkuki wala mshale, lakini palikuwa na kitovu na sindano ya shaba. Waliotunga hadithi hizo walijua kuwa msikilizaji anayeambiwa habari za ushindi peke yake hajaambiwa kitu. Almasi wa ghorofa ya nne hana kitovu. Haulizwi mwezi jana aliuza nini, anadaiwa na nani, au lile gari analilipia vipi.

Badala ya udhaifu, ushuhuda una msaliti. Msaliti huyo ni mtu wako wa karibu anayekushauri usijiunge. Anaitwa mwizi wa ndoto. Nimesikia neno hilo kwenye mikutano yote minne. Mamako akikuuliza pesa ya kununua boksi la kwanza imetoka wapi, ni mwizi wa ndoto. Mpenzi wako akisema tungoje kwanza, ni mwizi wa ndoto. Unaonywa kabla hujafika nyumbani, ili wakikuuliza swali la maana, swali lenyewe liwe ushahidi kuwa fanani alisema kweli.

Hapo ndipo ninapoona hotuba hii imeipindua mighani juu chini. Liyongo hakuuawa na aliyemtilia shaka. Aliuawa na mwanawe, ambaye wakuu wa Pate walimwahidi kuozwa binti wa mfalme. Magere hakuangushwa na mtu aliyembishia. Aliangushwa na mke aliyetolewa na maadui, aliyekaa naye kwa upole mpaka akaijua siri ya kivuli. Katika hadithi hizi hatari huletwa na yule uliyemfungulia mlango kwa sababu unampenda, naye ametumwa na mtu aliye juu yake kwa ahadi. Mwana wa Liyongo, kwa njia, mwisho wake haukuwa arusi. Sisemi rafiki yako wa Kidato cha Tatu ni muuaji. Nasema wazee wetu walishaujua muundo huu: ahadi inatoka juu, inapita kwa mtu wa karibu, inafika kwako ikiwa na uso unaouamini.

Sasa, yule asiyekuwepo. Sikiliza hotuba nzima utafute neno mteja. Yuko fanani, yuko shujaa, yuko msaliti, yuko mtu wa juu, wako watu wa chini. Mteja, yaani mtu anayenunua dawa ya meno kwa sababu anataka kupiga mswaki, akalipa, akaenda zake, karibu hayumo. Akitajwa, anatajwa kama mtu ambaye hajakubali bado. Mteja ni aliyekataa kwa heshima.

Na ukitaka kujua kama hilo ni tatizo kubwa au ni mimi natafuta makosa, historia ina jibu. Mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliamua kuwa Amway haikuwa piramidi haramu. Sababu zilizotajwa ni za kuvutia: kampuni ilikuwa na kanuni za kurudisha bidhaa zisizouzwa, ya kumtaka muuzaji awe ameuza angalau asilimia 70 ya alizonunua, na ya kumtaka awe na wateja kumi kwa mwezi ndipo apate bonasi. Kwa maneno mengine, kilichoitenga biashara na piramidi ni mteja. Tume hiyohiyo iliikemea Amway kwa kupanga bei na kwa kutia chumvi kuhusu mapato ya wanachama. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo wake ili malipo yafuate mauzo kwa watu halisi wanaotumia bidhaa. Swali lilikuwa lilelile miaka 37 baadaye: mteja yuko wapi?

Mteja akikosekana, hesabu haiwezi kukubali. Tuseme kila mtu alete watano, idadi ambayo fanani huiita ndogo sana. Ngazi ya kwanza ina 5, ya pili 25, ya tatu 125. Ngazi ya 11 inahitaji watu 48,828,125. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika Kenya nzima, pamoja na watoto walio mgongoni. Tena mlolongo kama huo ukisimama popote, watu wanne kati ya kila watano watakuwa kwenye ngazi ya mwisho, hawana mtu chini yao. Si kwamba hawakujituma. Hao wanne hawakuwa na mahali pa kwenda. Halafu wanaambiwa tatizo ni mawazo hasi.

Sizitii kampuni zote kapu moja. Kuna piramidi tupu, zisizo na bidhaa yoyote, na nchi hii inazijua. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kiliripoti mwaka 2009 kuwa Wakenya walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 kwenye mipango hiyo. Wanaokumbuka DECI wanakumbuka pia lugha yake: hukuweka pesa, ulipanda mbegu. Hukudai faida, ulingoja mavuno. Biashara ya kuuza moja kwa moja yenye bidhaa halisi na wateja halisi ni kitu tofauti kisheria na kimaadili. Ila maneno yanafanana kuliko inavyopasa, na mtu wa kawaida aliyeketi kwenye kiti cha plastiki anasikia maneno kwanza, mpango wa malipo baadaye.

Filamu ya LuLaRich, iliyotoka mwaka 2021 katika sehemu nne, imesaidia watu wengi kulielewa hili. Inahusu LuLaRoe ya California, iliyouza taiti za rangi rangi kupitia wanawake, wengi wao akina mama wa nyumbani waliotoa kama dola 5,000 kuanza. Bonasi zilifuata kile walio chini yako walichonunua kutoka kwa kampuni, sio walichouza. Kwa hiyo taiti zilijaa kwenye magereji ya watu huku juu pesa zikiingia. Nguvu ya filamu iko kwa wanawake wa katikati, wale walioleta wenzao, wakala bonasi nono, kisha wakaona waliowaleta wakizama. Wanaongea polepole, na unaona kuwa bado hawajapata neno la kujiita.

Shida yangu na filamu hiyo ni mzaha. Muziki wake wa furaha na zile rangi zinakualika kuwacheka: tazama, walidanganywa na taiti! Nimeitazama na marafiki na tulicheka pale tulipotakiwa kucheka. Lakini kicheko hicho ni cha mtu mwenye payslipu. Kinasahau kuuliza ni kitu gani kingine hao wanawake walikuwa wameahidiwa wiki hiyo, na nani mwingine alikuwa amewaambia wana akili ya biashara. Ukihakiki mtego bila kuangalia njaa ya aliyenaswa, umefanya nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni hii. Kuna jamaa tuliyekuwa naye darasani ambaye alikuwa na kigugumizi. Mwalimu akimwita asome kwa sauti, darasa zima liliinamisha kichwa kwa kumwonea aibu. Nilimkuta mkutano wa tatu, mbele, anatoa ushuhuda wa dakika kumi. Kigugumizi bado kipo. Lakini alingoja neno litoke, likatoka, akaendelea, na watu mia moja walimngoja pamoja naye kisha wakampigia makofi. Sijui chuo, kanisa wala ofisi iliyowahi kumpa hicho. Aliniambia baadaye kuwa doo haijaingia ya maana, lakini hawezi kuacha. Nilielewa. Mtu hujiunga kwa ajili ya pesa, akabaki kwa ajili ya makofi.

Nchi ambayo tangu kampeni za 2022 imekuwa ikimsifu hasla na wilibaro yake haijajenga vyumba vingi ambamo hasla anaitwa kwa jina, anafunzwa kusalimia kwa kujiamini, na anapongezwa kwa kuuza boksi tatu za dawa ya meno. Ghorofa ya nne ni mojawapo. Ukiifunga leo bila kufungua kitu kingine, Jumamosi ya yule jamaa itakuwa tupu. Ndiyo maana sipendi makala zinazomaliza jambo hili kwa neno moja, utapeli, kisha zikaenda kulala.

Lakini makofi hayo yana bei, na bei yake ni orodha. Wiki ya kwanza unaambiwa uandike majina mia moja. Mama, shosho, mchungaji, fundi wa viatu, msichana uliyemwacha, mwalimu wa hesabu, landlodi. Ni maandishi ya ajabu ukiyasoma kama fasihi: tawasifu ya mtu mzima, kila aliyewahi kumfanyia wema, kwa mpangilio wa nani atakubali haraka. Wanaiita soko lako la karibu. Ukishaandika jina la mtu kwenye orodha hiyo, hutaweza tena kumpigia simu kumjulia hali tu. Yeye naye, akishashtuka mara moja, hatapokea ukimpigia kumwambia babako amelazwa.

Halafu kuna suala la hapana. Wanafunzwa kuwa hapana maana yake ni bado. Ukikataa, unarudiwa baada ya wiki mbili. Ukikataa tena, unaulizwa unaogopa nini. Ukisema huna pesa, unaulizwa hiyo basi si ndiyo sababu ya kujiunga? Anayekusukuma hivyo naye anasukumwa: mwezi unaisha, ana kiwango cha kununua ndipo aendelee kuhesabiwa, ameshakopa kwa Fuliza kujaza pengo, na mtu wake wa juu amemtumia ujumbe mara tatu tangu asubuhi. Shinikizo huteremka kwa ngazi zilezile ambazo pesa hupandia. Kwa hiyo siwezi kumkasirikia kikamilifu. Lakini lugha ambayo ndani yake hapana haipo, si mazungumzo tena.

Hapa ndipo ninapoachana na ule mfano wangu wa utambaji, na kuachana kwenyewe ndiko kunaniambia tatizo liko wapi. Fanani wa jadi alipoanza, aliomba ruhusa. Paukwa! Usipoitika pakawa, hakuna hadithi. Katika mianzo mingine, hadhira yenyewe ndiyo iliyoita: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tafakari hilo. Wasikilizaji walijua uongo unakuja, wakaukaribisha kwa jina lake, na walikuwa huru kumkatiza msimulizi, kumsahihisha, au kusinzia. Hadithi ilipoisha, ilitangazwa kuwa imeishia hapo, kila mtu akaenda kulala na mali yake. Ghorofa ya nne imechukua utamu wote wa sanaa hiyo, ikaacha adabu yake. Uongo haukaribishwi kwa jina. Wito na kiitikio vipo, lakini kuitika kwako kunahesabiwa kama sahihi. Na hadithi haina mwisho, kwa sababu mwisho wake ni wewe kwenda kuisimulia kwa majina mia moja.

Kwa hiyo nikiulizwa, hukumu yangu ni hii. Kama utendaji, hotuba ni ya daraja la juu, na waandishi wa Kiswahili wa rika langu wana mengi ya kujifunza kwayo kuhusu kuijua hadhira. Anayeandika hadithi za mjini na hajui kwa nini ukumbi mzima huinua mkono kwa ajili ya nyumba ya mama, bado hajaandika kuhusu mji huu. Kama hadithi, ina tundu pale ambapo mteja angesimama, na limefunikwa kwa marafiki.

Ndugu yako akikuletea fursa, usimtukane, na usimkimbie. Muulize swali moja tu: mwezi jana uliuza ngapi, kwa watu ambao hawajajiunga na hawatajiunga? Nilimuuliza binamu yangu swali hilo mwezi uliopita, sebuleni kwao, mamake akisikiliza. Aliangalia dari kidogo, akahesabu kwa vidole, akasema tatu.

Nilinunua ya nne. Kusema kweli, inasafisha vizuri.